Akifungwa Asirudi Nyumbani: Historia ya Mashindano ya Chesi (Sehemu ya 3)

Tunaendelea na mfululizo wetu wa michezo ya watoto. Leo ni ndefu kidogo, injika uji jikoni usome taratibu.

Muhula uliopita binti yangu wa miaka 9 alienda kwenye mashindano ya chesi ya Jumamosi, shule moja huku kwetu. Nikamsuka vizuri, nikamfungia chapati mbili na chupa ya maji. Saa 3 asubuhi akapangwa na kaka wa kidato cha pili. Saa 3 na dakika 20 ameshatolewa. Yalikuwa mashindano ya mtoano: ukifungwa, basi. Usafiri wa kurudi ulikuwa jioni, kwa hiyo mtoto alikaa kwenye benchi mpaka saa 10, anaangalia wenzake wakicheza. Usiku akaniambia, "Mama, mimi sina akili ya huu mchezo."

Dakika 20 tu, na mtoto ameshajihukumu. Sikulala vizuri. Nikaanza kusoma: hivi nani aliamua kwamba anayefungwa aondoke? Na kuna njia nyingine? Kumbe watu wamelihangaikia swali hili miaka mingi sana kabla yangu.

TUANZE MBALI KIDOGO

Kamusi zetu zinauita mchezo huu sataranji. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Waajemi, nao Waajemi waliupata mchezo kutoka India, karne ya 6 hivi. Kwa hiyo tusidhani chesi imekuja Afrika Mashariki na intaneti. Jina lake liko kwenye Kiswahili tangu zamani.

Sasa sikia jambo lililonifurahisha. Kule Baghdad, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mabingwa walikuwa wakiandika vitabu kuhusu sataranji, na wachezaji walipangwa kwa madaraja. Mkubwa akicheza na mdogo, hawakuanza sawa. Mkubwa aliondoa kete yake moja ubaoni kabla ya kuanza. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, aliondoa kete kubwa zaidi. Yaani walishajua kwamba ukimkutanisha fundi na anayejifunza bila kusawazisha, hakuna mchezo hapo, kuna kipigo tu.

Na sisi Wasukuma tunalijua hilo. Isolo, bao letu, lina namna yake ya wavulana, ya wanawake na ya wanaume. Mtoto hatupwi moja kwa moja kwenye bao la wazee. Anaanzia lake, anapanda.

LONDON, 1851

Mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa ya chesi yalifanyika London mwaka 1851. Waliyaandaa wakati wa maonyesho makubwa ya bidhaa za dunia, wakakusanya wachezaji 16. Mfumo? Mtoano. Nane wakatolewa raundi ya kwanza tu.

Mmoja wa hao nane alikuwa Lionel Kieseritzky, mwalimu wa chesi aliyetoka Paris, mtu hodari kabisa kwa wakati wake. Bahati yake mbaya, raundi ya kwanza alipangwa na Adolf Anderssen, Mjerumani ambaye ndiye aliyekuja kuwa bingwa. Akafungwa, akawa nje. Fikiria mtu amevuka bahari, halafu mashindano yake yanaisha kabla hajakaa sawa kwenye kiti. Nikamkumbuka wangu kwenye benchi.

Lakini angalia. Mchezo unaokumbukwa zaidi wa kiangazi kile haukuwa wa mashindano. Tarehe 21 Juni, Anderssen na huyohuyo Kieseritzky walikaa wakacheza tu kirafiki. Anderssen akatoa kete zake karibu zote kubwa, hata malkia, na bado akashinda. Mpaka leo duniani kote watoto wanafundishwa mchezo ule. Na aliyeuchapisha kwenye jarida lake la Paris ni Kieseritzky mwenyewe, aliyefungwa! Mtoano ulimtoa, lakini alikuwa bado na kitu cha kuwapa watu.

ZÜRICH, 1895

Njia nyingine ilikuwa ligi, kila mtu acheze na kila mtu. Hiyo ni haki, ila inakula muda. Watoto 16 kwa ligi ni michezo 120. Wikiendi moja haitoshi.

Jibu lilitoka Uswisi. Mwaka 1895, kwenye mashindano ya Zürich, ulitumika mfumo uliobuniwa na Julius Müller. Mpaka leo unaitwa mfumo wa Uswisi, na ni rahisi hata mama asiyejua chesi anaweza kuuendesha kwa daftari na kalamu:

1. Hakuna anayetolewa. Wote wanacheza raundi zote.
2. Kushinda ni pointi 1, sare ni nusu, kufungwa ni 0.
3. Kila raundi unakutana na mwenye pointi sawa na zako, au zinazokaribiana.
4. Hamrudiani. Mliokutana mmeshakutana.
5. Wakiwa witiri, wa chini anapumzika raundi hiyo na anapewa pointi 1. Raundi nyingine anapumzika mwingine.

Ukishinda, unapewa mgumu zaidi. Ukifungwa, unapewa wa saizi yako. Kufikia mchana kila mtoto yupo na wenzake wa kiwango chake, na wala hujamuuliza mtu "wewe unajua kiasi gani?"

Nilipiga hesabu ya watoto wanane. Kwa mtoano ni michezo 7, na wanne wanaondoka wamecheza mara moja tu. Kwa mfumo wa Uswisi, raundi 3, ni michezo 12. Kama hakuna sare, mmoja anamaliza na pointi 3, watatu wana 2, watatu wana 1, na mmoja ana 0. Hebu soma tena hapo. Watoto saba kati ya wanane wanarudi nyumbani wameonja ushindi.

Sisi kliniki tunafanya hivihivi. Mtoto wako akipanda mzani, simlinganishi na kibonge wa jirani. Naangalia kadi yake, mwezi uliopita alikuwa wapi, leo yuko wapi.

KATWE, UGANDA

Mama atasema, hayo ni ya Ulaya. Basi njoo Kampala, mtaa wa Katwe, mtaa wa watu wa hali ya chini. Mwalimu Robert Katende alianza kufundisha watoto chesi pale, na wakija wanapata uji. Mwaka 2005 hivi akaja Phiona Mutesi, amemfuata kaka yake, na kilichomvuta kwanza ni huo uji. Baba alishafariki, mama anahangaika na biashara ndogondogo. Aliyemwonyesha Phiona kete zinavyotembea alikuwa msichana wa miaka 4. Ndiyo, wa miaka minne. Pale hapakuwa na "wewe bado mdogo" wala "wewe umechelewa".

Mwaka 2010 Phiona alikuwa Urusi, kwenye Olimpiadi ya chesi, akiiwakilisha Uganda. Mwaka 2012, Istanbul, akapata daraja la kimataifa la wanawake. Mwaka 2016 ikatoka filamu yake, Queen of Katwe, ambayo Lupita Nyong'o ameigiza kama mama yake. Watu wengi wanaikumbuka filamu. Mimi nakumbuka uji, na kwamba aliyefungwa leo alikaribishwa tena kesho.

UANI KWANGU

Jumamosi iliyopita tukajaribu. Watoto wanane, mdogo miaka 7, mkubwa 15. Bodi mbili za kununua, na mbili tulichora kwenye boksi, kete zikawa vizibo vya soda vilivyobandikwa karatasi: M mfalme, K malkia, F farasi. Nusu saa kila mchezo. Uji wa mtama katikati.

Binti yangu alifungwa raundi ya kwanza, akashinda ya pili, akafungwa ya tatu. Pointi 1. Aliandika mwenyewe daftarini kwake, herufi kubwa.

Mtoto mmoja alimaliza na 0. Nilijua kwa hesabu kwamba atakuwepo, ila hesabu haina machozi. Nikakumbuka Baghdad. Nikamwomba yule kaka mkubwa acheze naye tena, aondoe malkia wake. Walicheza muda mrefu, wenzake wamewazunguka. Akafungwa tena, lakini safari hii hakulia, alikuwa anauliza farasi wake alikosea wapi.

Leo bado hajafika. Nimemtumia mama yake ujumbe kwamba nafasi yake ipo na raundi ya kwanza inaanza saa 4. Na wewe unayesoma, kama uko Mwanhuzi na una mtoto aliyewahi kuambiwa hajui, mlete. Hata kama hajawahi kushika kete. Uje na kikombe chake cha uji.

Sehemu ya 4 nitaeleza jinsi ya kumfundisha mtoto wa miaka 5 kete moja kwa wiki, bila kununua bodi.