Kauri Juu ya Chuma: Historia ya Utando wa Kupulizwa
Chuma cha kusubu, yaani chuma chenye kaboni inayozidi asilimia 2 ambacho huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kimependwa na watengenezaji wa mitambo kwa sababu ni rahisi kukipa umbo, lakini kikisuguliwa mfululizo hulika, na kulika huko ndiko kulikowafanya wahandisi wa karne ya 20 watafute namna ya kukivika kauri, ambayo ni ngumu zaidi na hustahimili joto.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa Zürich mwanzoni mwa karne hiyo na Max Ulrich Schoop, mvumbuzi wa Uswisi, aliyeonyesha kwamba metali iliyoyeyushwa, ikipulizwa kwa hewa yenye shinikizo, hugeuka matone madogo yanayoganda na kujenga utando juu ya kitu kingine. Mbinu yake ilifaa zaidi kwa metali zinazoyeyuka upesi, kama zinki na risasi, ilhali oksidi ya alumini, kauri inayotumika sana, huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi. Katika miaka ya 1950 zilibuniwa Marekani bunduki za plazima, ambamo gesi hupashwa kwa umeme hadi kuzidi nyuzi 10,000.

Joto hilo limesifiwa sana, lakini ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika chuma chenyewe. Ndani ya chuma cha kusubu cha kijivu mna vipande vyembamba vya grafaiti, kaboni laini yenye utelezi, na kwa kuwa kauri haiyeyukiani na chuma bali hung'ang'ania mikwaruzo ya uso wake, hukosa pa kushika kila grafaiti inapojitokeza. Tena chuma kikipata joto hutanuka kuliko oksidi ya alumini, hivyo utando huvutwa hadi ukabanduka. Dawa iliyopatikana ni kuukwaruza uso kwa chembe kali zinazorushwa kwa hewa, kisha kutanguliza tabaka jembamba la aloi ya nikeli, linaloshika chuma chini na kushikwa na kauri juu. Maandalizi haya, yasiyotajwa sana, ndiyo yanayoamua kama utando utadumu.

Mwaka 2017 kampuni ya magari ya Porsche ilileta, pamoja na gari lake jipya la Cayenne, diski za breki za chuma cha kusubu zilizovikwa kabidi ya tangsteni, mchanganyiko mgumu wa kaboni na tangsteni, ili zilike polepole na kutoa vumbi kidogo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za Euro 7, ambazo kwa mara ya kwanza ziliwekea kikomo vumbi la breki za magari.