Makmende tulimpenda, albamu tukaiacha mlangoni

Wasee, wiki jana nilikuwa kwa kinyozi hapa Highrise, nikaomba kuunganisha simu yangu na spika yake. Nikaweka "82" ya Just A Band. Hata dakika mbili hazijaisha, jamaa aliyekuwa kwa kiti akaniuliza, "Kijana, hii ni ngoma ama ni ya kusindikiza chakula?" Watu wakacheka. Kinyozi akajaribu kunitetea: "Si mbaya, lakini si yetu." Akachomoa simu yangu, akaweka zilizopendwa, Daudi Kabaka. Kila mtu akaanza kutingisha kichwa. "Sasa hii ndiyo yetu."

Nikanyamaza, lakini hiyo "si yetu" imenikaa kooni mpaka leo. Wacha niitapike hapa.

Just A Band walianza kama vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta: Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walitoa "Scratch to Reveal" 2008, halafu "82" mwaka uliofuata. Kompyuta, kinanda cha umeme, disko, hausi, jazi kidogo. Juu yake Kiingereza, Kiswahili, na wimbo kama "Iwinyo Piny" wenye jina la Kijaluo. Hizo siku redio zilikuwa zimezoea genge na kapuka, na wengi hawakujua wawaweke wapi.

Halafu Machi 2010 ikaja video ya "Ha-He", na Makmende wake. Jina lenyewe lilikuwa la mtaani tangu miaka ya 90, na wanasema lilizaliwa na watoto waliokuwa wakiiga Kiingereza cha Clint Eastwood kwa sinema. Utani ukalipuka mtandaoni, hadi CNN wakaandika kuhusu Kenya. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Nilimjua Makmende miaka mingi kabla nijue kuna bendi nyuma yake. Na si mimi pekee. Tulimpenda jamaa wa afro na kitambaa kichwani, tukamtungia vichekesho, lakini ni wangapi walirudi kusikiliza hiyo albamu kutoka mwanzo hadi mwisho? Sifa zilienda kwa picha. Masikio hayakuulizwa.

Sasa turudi kwa huyo Kabaka aliyenipokonya spika. Miaka ya 60 alipiga twisti. Twisti ilitoka Marekani. Ndani yake kulikuwa na kwela ya Afrika Kusini, na gitaa la umeme halikuchongwa Vihiga. 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikachukua "Helule Helule" yake ikaipiga kwao. Yaani huo wimbo "wetu" ulizaliwa na dunia nzima na ukarudi kuizunguka. Benga pia iko hivyo: gitaa ni la kuja, lakini vidole vinafuata nyatiti. Hata taarabu, Pwani na Zanzibar, kanuni yake ilitoka Misri. Kila kitu tunachokiita chetu kiliwahi kuwa mgeni. Tofauti ni kwamba kilipewa kiti.

Na hapo kwa kiti ndipo nilipokosea kuhusu yule jamaa. Nilidhani ni mshamba tu. Tulipotoka nje akaniambia, bila hasira: "Buda, mimi ni weita Westlands. Hizo ngoma zako nazisikia kila usiku nikibeba sahani. Sijawahi kuzisikia nikiwa nimekaa."

Manze, niliishiwa maneno.

Kwa sababu hiyo si hoja ya muziki, ni hoja ya mlango. Kabaka tulimsikia kwa redio ya shosho, kwa matatu, kwa harusi. Muziki wa elektroniki uliotengenezwa na Wakenya wenzetu, wengi wa Kibera na Kawangware huusikia mahali ambapo kahawa moja ni bei ya chakula cha siku. Ukisikia kitu ukiwa kazini, utakiitaje chako?

Na nje kuna kosa la upande mwingine. Angalia KMRU, yaani Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyetuacha 2018. 2020 alitoa "Peel" kupitia Editions Mego ya Austria. Hakuna ngoma wala maneno, ni sauti za mazingira alizorekodi na kuzitandaza polepole. Huku tunamwambia si Mwafrika vya kutosha, na kule kuna wanaotafuta ngoma za porini wakisikia tu neno Nairobi. Wote tunaangalia paspoti ya wimbo kabla ya kuusikiliza. Na huyo kijana ndiye amekuwa akizitoa upya rekodi za guka wake mtandaoni. Nani kati yetu amehifadhi zaidi?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Natengeneza biti kwa laptopu ya mkopo, na moja ina mlio wa treni inayopita Kibera asubuhi. Nilimtumia yule weita. Akajibu usiku, baada ya shifti: "Nimeisikiza nikiwa nimelala. Hiyo treni naijua. Lakini ongeza besi."

Hayo ndiyo maoni nayataka. Kwa hivyo leo usiku kaa chini, weka "82" yote, halafu uniambie kama si yetu.