Talaka ikitoka, ukaazi unabaki?

Kambi ya Ifo imekuwapo tangu 1991. Wako wakimbizi walioolewa na Wakenya kwa sheikh, walii na mashahidi, bila cheti. Nikaha imesihi, lakini afisa wa uhamiaji hutaka karatasi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 humruhusu aliyeoana na raia kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Ukaazi huo waweza kufutwa. Ikitimia miaka 7 ya ndoa, kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuomba uraia.

Aliyekwisha kusajiliwa kuwa raia havuliwi na talaka. Kifungu cha 13 kimesema wazi. Akiachwa kabla ya miaka 7, njia hiyo imefungwa. Aliyefiwa ni tofauti: sheria imemwachia mjane mlango wa kuomba.

Watoto hawaguswi. Mzazi mmoja akiwa Mkenya, wao ni raia kwa kuzaliwa.

Basi dada yangu, sajili nikaha sasa, mkiwa bado mnaelewana, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014. Siku ya ugomvi, mume hatakwenda nawe kutafuta cheti.