Maboma ya Mawe ya Thimlich Ohinga

Leo twataka kuwatembeza kwa miguu mahali ambapo wengi wamepita karibu napo pasipo kugeuza shingo.

Katika miji mikuu ya Ulaya ndiyo desturi: mgeni akifika, huchukuliwa kutwa nzima kuonyeshwa kuta za kale. Mjini London, karibu na Tower Hill, kuna kipande cha ukuta uliojengwa na Warumi yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Sehemu ya chini ni kazi ya Warumi. Sehemu ya juu iliongezwa karne nyingi baadaye na watu ambao hawakuwa Warumi wala hawakusema lugha yao. Wageni hutoka pande zote za dunia kuutazama ukuta huo, na watoto wetu walioko huko hutuletea picha zake. Ni vizuri. Lakini ni wangapi kati yao, waliozaliwa Nyatike au Kanyamkago, waliowahi kuingia Thimlich Ohinga?

Sisi tulikwenda, wazee na vijana pamoja. Mahali penyewe pako yapata kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori, na mtu atokaye Homa Bay hupitia Rodi Kopany na Mirogi. Thim, kama mjuavyo, ni pori. Lich ni la kutisha. Na ohinga ni boma. Pori lenyewe halitishi tena sana, ila miti mirefu ya bondo bado imesimama katikati ya mawe, nayo huwatangulia wageni kuonekana.

Kuna maboma manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zake zimejengwa kwa mawe matupu, bila udongo, bila chokaa, bila saruji, wala hakuna msingi uliochimbwa. Jiwe limewekwa juu ya ardhi, na jiwe jingine juu yake, hata ukuta ukafika mita 4 na zaidi mahali pengine, na mahali pengine mita 1 na nusu tu. Unene wake kwa kawaida ni kama mita 1.

Yafaa tuseme jinsi ulivyojengwa, maana ndipo akili ya mafundi inapoonekana. Ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zilizopangwa kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa ili yashikane. Katikati ya nyuso hizo wakajaza mawe madogo madogo, nayo ndiyo yanayozikaza pande zote mbili. Tena ukuta hauendi moja kwa moja kama rula. Unapinda, na mahali pengine umeongezewa mawe ya kuuegemeza usianguke. Mawe hayo hayana umbo moja, wala hayakuchongwa. Fundi alilazimika kulitazama kila jiwe na kulitafutia mahali pake.

Milango ni mifupi. Mama mmoja wa kundi letu, mrefu wa kimo, alipiga magoti nusu ndipo akapita. Adui aliyeingia hivyo, kichwa mbele, alikuwa mikononi mwa walinzi. Ndani kuna alama za nyumba, zizi la ng'ombe, mawe ya kusagia nafaka, na mahali palipofanyiwa kazi ya chuma. Juu ya mwamba mmoja kuna vishimo vya bao, ajua kwa lugha ya huku. Vijana wetu walicheka sana walipoviona, nao wakaanza kutafuta kete. Basi hata watu waliozungukwa na hatari walipata saa ya kucheza.

Mmoja wa vijana hao ndiye aliyeuliza swali lililotufanya tusimame.

"Baba, si waliojenga ni sisi? Majina yote ni yetu. Kochieng ni kwa Ochieng, Koluoch ni kwa Oluoch."

Mzee akamjibu, "Hayo ni majina ya waliokaa mwisho, mwanangu."

Naam, ndivyo watafiti wasemavyo. Maboma haya yana umri wa miaka 500 hivi, na wajenzi wa kwanza waliokaa hapa walisema lugha za Kibantu. Wajaluo walikuja baadaye. Watu walihama, wengine wakaingia, wakahama tena. Majina ya wale wa kwanza hatunayo. Lakini tazameni jambo hili: waliokuja nyuma hawakuubomoa ukuta ili wajenge wao. Waliukuta, wakaukalia, wakairudisha mahali pake mikono ya mawe iliyoanguka. Ukuta usio na chokaa haudumu miaka 500 kwa nguvu zake wenyewe. Mbuzi akipanda, mti ukianguka, mzizi ukipenya, pengo linaonekana, na lazima awepo mtu wa kuliziba. Wasomao kitabu cha Nehemia watakumbuka jinsi kila jamaa walivyotengeneza ukuta mbele ya nyumba yao. Hapa kwetu waliofanya hivyo walikuwa wa lugha zaidi ya moja, na mpaka leo katika sehemu hizi, siku za uchaguzi na za ugomvi wa mipaka, tunasikia watu wakiulizana nani alitangulia kufika.

Watoto wetu hufundishwa shuleni habari za Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na hilo halina ubaya. Karne ile ile watu wa huku nao walikuwa wakijenga, bila mizinga na bila amri ya mfalme wa mbali.

Maboma yaliendelea kukaliwa hata karne ya 20. Amani ilipozidi, watu walitoka mmoja mmoja wakajenga miji yao ndani ya ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe. Watafiti wamehesabu maboma zaidi ya 500 katika nchi hii ya ziwa, na mengi yamebomoka. Thimlich iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, ikiwa ya 7 kwa Kenya. Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayoitunza.

Ndugu mtakaokwenda na vikundi vya kanisa, vaeni viatu imara na mchukue maji, maana jua la Nyatike halina huruma. Watoto wasipande juu ya kuta. Na kama nyumbani kwenu kuna mawe ya ohinga ya zamani yaliyopangwa nyuma ya shamba, kabla fundi wa nyumba mpya hajayachukua kwa msingi, mwulizeni mzee wa boma yalikuwa ya nani, mkayaandike majina atakayowapa.