Nyayo za pengwini hadi kwenye mwani

Mwaka 1885 Louis Pasteur alitoa rai kwamba mnyama asiye na bakteria mwilini hawezi kuishi. Mwaka 1898 meli ya Kiswidi, Antarctic, ikaenda Svalbard, kaskazini mwa Norwei, na msafara wa Alfred Nathorst. Daktari wa msafara, Levin, alichunguza matumbo ya wanyama wa huko, wakiwemo dubu weupe, sili na ndege wa baharini. Mengi hayakuwa na bakteria hata mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1899 katika jarida la taasisi yenye jina la Pasteur mwenyewe!

Mtu angesema ni baridi tu. Lakini tumbo la ndege lina joto popote aendapo, na vijidudu vingi hupenda joto.

Miaka sitini baadaye swali hilo lilifufuka upande wa pili wa dunia. John Sieburth, mwanabiolojia, alikuta bakteria wachache mno katika matumbo ya pengwini wa Antaktika, na humo humo mlikuwa na kitu kilichowazuia wasikue. Akakifuata nyuma kama msasi afuataye nyayo. Pengwini hula krili, viumbe wa jamii ya kamba. Krili nao hula mwani mdogo usioonekana kwa macho, Phaeocystis, ambao hushikamana kwa ute na huweza kutapakaa baharini eneo kubwa. Mwaka 1960, katika jarida la Science, Sieburth alikitaja kitu chenyewe: asidi akriliki. Ndiyo hiyo inayotumika kiwandani kutengenezea rangi na gundi. Mwani huu hujaa kemikali yenye salfa. Ikivunjika hutoa asidi hiyo pamoja na gesi inayochangia harufu ya bahari. Na kwa kuwa ni asidi dhaifu, hupenya vizuri zaidi ndani ya bakteria mahali penye uchachu, kama tumboni.

Siku hizi ufuatiliaji huo wa kemikali za mwani umefika kwenye mwani mkubwa. Katika kituo cha utafiti cha Palmer, kisiwani Anvers huko Antaktika, timu ya Charles Amsler, James McClintock na Bill Baker imeonyesha kwamba mwani mwingi wa huko hujilinda kwa kemikali. Viumbe wadogo wa jamii ya kamba hujificha humo kukwepa samaki, lakini wengi wao mwani wenyewe hawauli. Hula zaidi ukoga wa mwani mdogo ulioota juu yake. Ujirani wenye faida kwa wote wawili.

Kwa maoni yangu, ugunduzi wa Sieburth umetufundisha zaidi jinsi bahari inavyoishi kuliko jinsi ya kumponya mgonjwa. Asidi akriliki isiyochanganywa na maji huunguza ngozi. Kemikali inayoua bakteria kwenye kisahani cha maabara bado iko mbali na kuwa dawa. Basi ukiuziwa kidonge cha mwani wa ncha za dunia kwa madai kwamba kinatibu maambukizi, muulize muuzaji kimejaribiwa kwa wagonjwa gani, na dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache.