Dramu za Bendi Zilizosahaulika

Miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa mji wa bendi. Benga ilivuma, wanamuziki wa Kongo walihamia hapa na rumba yao, na nyuma ya kila bendi alikaa mpiga dramu. Baadaye vikaja vinanda vya umeme na mashine za midundo. Seti nyingi zikaishia stoo.

Ukikuta dramu kuukuu, usiihukumu kwa kutu. Kutu hukaa kwenye pete na skrubu, na huko huondoka kwa siki, stilwuli laini na subira. Kilicho muhimu ni mzinga wa mbao: je, bado ni wa mviringo, au umepinda kwa unyevu? Uweke juu ya kioo bapa, uwashe taa ndani. Mwanga ukichungulia chini, ukingo hauko sawa, na ngozi haitalia vizuri hata ukiikaza vipi. Msasa uliobandikwa kwenye kioo hichohicho huurekebisha polepole.

Skrubu iliyopotea? Peleka iliyobaki iwe kielelezo kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi, wanaoyeyusha alumini na kuchonga vyuma kila siku.

Ngozi mpya hukazwa kwa kuvuka upande hadi upande: skrubu moja, kisha ile inayoikabili.

Tunaomba jambo moja kwa dhati. Jina la bendi lililochorwa kwenye ngozi ya mbele ya dramu kubwa lisifutwe. Ngozi hiyo ikipasuka, ivuliwe na itunzwe kando.