Chupa tupu juu ya paa la manyata

Nimekuwa kimya kidogo, zamu za usiku zimenibana. Leo naomba tuzungumze habari ya chupa tupu ya plastiki, ile ya maji au soda. Hapa Uingereza chupa ikishamalizwa ni takataka, ina pipa lake na siku yake ya kuja kuchukuliwa. Kwetu ni chombo. Tunawekea mafuta ya taa, maziwa, asali, na dukani mtu anapimiwa humo mafuta ya kupikia. Lakini kuna kazi moja ya chupa hiyo ambayo wengi wetu tumeisikia juu juu tu: kusafisha maji ya kunywa kwa jua, bila mkaa, bila kuni, bila dawa. Historia yake imenivutia sana, maana inapitia Beirut kwenye vita halafu inatua kwa Wamasai wa Kenya.

Kwamba jua linaua vijidudu si habari mpya. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua unazuia bakteria kukua ndani ya mirija ya kioo. Ila kwa upande wa maji ya kunywa ya mtu maskini, ugunduzi huo ulikaa miaka mia moja bila kumsaidia mtu.

Lebanon iliingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1975. Katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut alikuwepo mtaalamu aliyeitwa Aftim Acra. Yeye na wenzake walijiuliza swali ambalo sisi wauguzi tunalijua vizuri. Mtoto anayeharisha anaokolewa na maji yenye chumvi na sukari, sawa. Je, kama maji yenyewe ya kuchanganyia ni machafu? Si unamrudishia ugonjwa kwa kijiko! Mwaka 1980 walichapisha kwenye jarida la The Lancet kwamba mchanganyiko huo ukiwekwa katika chombo kinachopitisha mwanga na kuachwa juani, vijidudu vinavyotoka chooni vinakufa. Mwaka 1984 UNICEF ikatoa kijitabu chao.

Wakati huo chombo chenyewe kilikuwa kimeanza kuenea duniani. Chupa hii nyepesi ya soda, ya plastiki iitwayo PET, hataza yake ilitolewa mwaka 1973 kwa Mmarekani Nathaniel Wyeth. Waswisi wa taasisi ya maji ya Eawag walianza kuipima njia hii mwaka 1991, na jina likawa SODIS.

Inafanyaje kazi? Mionzi ya jua tusiyoiona kwa macho inaharibu vijidudu moja kwa moja, na pia inaigeuza oksijeni iliyomo majini kuwa silaha dhidi yao. Joto nalo linasaidia, hasa maji yakifika nyuzi 50. Unachukua chupa angavu isiyozidi lita 2, unabandua karatasi yake, unaiosha, unajaza maji, unailaza juani saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, siku 2 mfululizo. Maji ya tope hayafai, kwa sababu mwanga haupenyi. Simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni mwa chupa: kama husomi kichwa cha habari kilicho chini yake, chuja kwanza. Na maji yenye kemikali au chumvi nyingi, jua haliyasaidii kitu.

Sasa twende Kenya. Watafiti kutoka Ireland, akiwemo Ronan Conroy, walipima njia hii kwa watoto wa Kimasai, na matokeo yakatoka kwenye The Lancet mwaka 1996. Walikuwa watoto 206, wa miaka 5 hadi 16, kwa wiki 12. Kila mmoja alipewa chupa za plastiki. Nusu ziliwekwa juu ya paa la nyumba, nusu zilikaa ndani. Basi, tofauti ni hiyo tu, paa! Waliokunywa maji ya paani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Nasema ukweli, tofauti haikuwa kubwa ya kushangilia.

Halafu kikaja kipindupindu. Watafiti walirudi kwenye eneo ambako majaribio hayo yalikuwa yamefanyika na kuhesabu wagonjwa. Kwa watoto wa chini ya miaka 6, waliokuwa wakinywa maji ya jua waliougua ni 3 kati ya 155. Wa upande mwingine ni 20 kati ya 144. Hayo yalichapishwa mwaka 2001. Mimi nimezisoma hizo namba mara mbili tatu. Aliyewahi kumtafutia mshipa mtoto aliyekaukiwa maji mwilini anajua hao 17 wa tofauti ni nini.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Utafiti mkubwa wa Bolivia, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha vijiji 22, haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kuhara kulipungua. Lakini humo humo wanasema waliokuwa wakiitumia njia hiyo walikuwa kama theluthi moja tu. Maoni yangu ni kwamba kuanika chupa kila siku ya Mungu, mwaka mzima, kunachosha. Wakati wa mlipuko, au mafuriko yakishaingia visimani na gunia la mkaa halishikiki kwa bei, ni mambo mengine kabisa. Sisi wa nje tunapenda kupiga simu nyumbani na kuamrisha "chemsheni maji!" Ni ushauri sahihi, ila mkaa nani ananunua?

Kwa wenye ndugu sehemu hizo, waambieni wawe na seti mbili za chupa. Za leo zikiwa juani, za jana ndizo zinanywewa. Na wanywe kutoka kwenye chupa hiyo hiyo au kikombe safi, wasiyamimine tena kwenye ndoo. Chupa ikishachubuka na kuwa na ukungu, ndipo itupwe.